Kutumia tena hamira ya pombe ya tufaha

Ndugu, umeuliza kama mashapo yanayobaki chini ya chombo baada ya kuhamisha pombe ya tufaha yanaweza kuchachusha juisi mpya. Yanaweza, kwa kuwa yana chembe nyingi za hamira zilizo hai, ingawa zimechoka: juisi ya tufaha kwa kawaida ina naitrojeni kidogo, na hamira iliyokwisha kumaliza sukari yote huwa imetumia akiba yake, ndiyo maana awamu ya pili huweza kutoa harufu ya yai viza usipoiongezea virutubisho. Njia rahisi ni kumimina juisi mpya juu ya mashapo siku ile ile unapoihamisha pombe. Ukilazimika kusubiri, yahifadhi kwenye jokofu kwa wiki moja au mbili, ndani ya chupa iliyotakaswa ambayo kifuniko chake hakijakazwa. Yanuse kwanza. Yakiwa na dalili yoyote ya siki, yamwage. Mimi huishia awamu ya tatu, kisha huanza na hamira mpya (kupoteza pipa zima kwa kuibania pakiti moja ni ubahili wa ajabu). Kama uliweka sobeti ya potasiamu ili kuzuia uchachukaji, usijisumbue, kwa sababu hamira hiyo haitazaliana ipasavyo.