Themomita tatu, baridi tatu: niamini ipi?

SWALI: Habari fundi, mimi nimetoka Mombasa niko Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, mwaka wa pili sasa na hii winta inanichanganya. Themomita ya dirisha la jikoni inasema -9 (namba zote ni Selsiasi), ile ya dijitali kwenye balkoni inasema -16 na saa zingine inazima kabisa, gari -13, simu nayo -21. Binti yangu anasubiri basi la shule nje saa moja asubuhi, nitamvalishaje na mimi sijui baridi ni ngapi? Nizitupe zote ninunue ya bei? – Mama Zuhura

JIBU: Mama Zuhura pole sana na baridi, usitupe kitu kwanza. Kwa namba hizo mimi naona simu ndio iko karibu na ukweli, ila kumbuka nayo haipimi hapo mlangoni kwako.

Ya dirishani ndio inakupoteza zaidi na wala sio mbovu, ni pale ilipokaa. Nyumba ina hita, kioo na fremu vinavuja joto, weka kiganja pale usiku utasikia vuguvugu. Yangu niliifunga hivyohivyo winta ya kwanza, nikasoma -11 nikatoka na glavu nyembamba, kabla basi halijafika vidole vishakufa ganzi vyeupe kama karatasi, nililia kwa kweli. Jioni nikanunua nyingine nikaifunga kwenye nguzo ya uzio upande wa kaskazini, jua halifiki, mita moja na nusu hivi kutoka chini, kesho yake ikasoma digrii sita chini ya ile ya dirishani. Kwa hiyo yako isogeze mbali na ukuta.

Ya dijitali inazima kwa sababu betri za kawaida zinachoka kwenye baridi kali, na kioo chake cha namba kinakuwa kizito kubadilisha namba. Weka betri za lithiamu, zinavumilia mpaka -40. Ya gari sensa yake iko huko mbele kwenye bampa, inashika joto la injini, isome ukiwa umeshaendesha muda kwenye barabara wazi.

Sasa kuipima yenyewe: jaza kikombe barafu iliyopondwapondwa, mimina maji baridi kidogo tu yazibe nafasi, koroga, tumbukiza ile themomita ya mrija wa kioo isubiri dakika tano. Lazima isome 0. Ikisoma 2 basi jua inazidisha 2, andika kwa maka pen nyuma yake, ila kwenye -25 kosa linaweza kuwa kubwa zaidi. Angalia pia ule mstari mwekundu ndani ya mrija, hiyo ni spiriti na ikikatika vipandevipande inadanganya, ishike wima uikung'ute kama ya hospitali hadi iungane. Ya zebaki usinunue, ikikaribia -39 zebaki inaganda na Minnesota hiyo baridi inafika.

Na kuhusu mtoto, hapa nakuomba sana, themomita hata ikiwa nzima haisikii upepo. Tarehe 30 Januari 2019 hapo Minneapolis ilishuka hadi -33, na upepo ukafanya ngozi isikie chini ya -45. Asubuhi tafuta kwenye simu ile namba ya baridi pamoja na upepo, mvalishe kwa hiyo, masikio pua na vidole vifunikwe kabisa, na basi alisubirie ndani ya mlango mpaka mlione linakata kona.