Sahani ya bibi yenye maua ya waridi

Dada, umeuliza kama sahani ya marehemu bibi yako ni kauri ya Kichina ya kale, na kama uisugue kwa siki ing'ae. Siki weka kando kabisa! Maua ya aina hiyo huchorwa kwa enameli (rangi ya kioo) juu ya mng'aro, yaani tabaka la kioo linalofunika sahani, kisha huchomwa tena kwa moto mdogo, kwa hiyo hukwaruzika upesi. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha.

Sasa ipitishie kidole taratibu. Ua likiwa limeinuka kidogo, ni dalili nzuri kwamba limechorwa kwa mkono. Tafuta lenzi: ukiona vidoti vimejipanga sawasawa, hiyo imepigwa chapa kiwandani. Rangi ya waridi ya zamani ilitokana na dhahabu, ikaenea China tangu miaka ya 1720. Vyombo vilifinyangwa katika mji wa Jingdezhen, na vingi vikachorwa katika bandari ya Guangzhou, hukohuko China, kwa wateja wa Ulaya.

Igeuze. Ikiandikwa jina la China kwa Kiingereza, si ya karne ya 18. Kukosa alama si kasoro, nyingi za kusafirishwa hazikuwa nayo. Ila kiwanda cha Samson cha Paris kiliziiga vizuri mno, basi usimuuzie dalali aliyeitazama kwenye picha ya simu tu.