Kabla ya mitindo mitano, jifunze mkungu mmoja

Vijana wengi huniuliza nawezaje kuchora vibonzo vya magazeti, vitabu vya watoto, vipeperushi vya afya na kuta za maduka hapa Moshi. Wanadhani siri ni kukariri mitindo. Mimi nilifundishwa na soko.

Nilipokuwa naanza, nilimchora mama wa soko la Mbuyuni akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Mzee mmoja muuza ndizi akautazama mchoro, akasema, "Mwanangu, huyu hajabeba mkungu, amevaa kofia." Akanionyesha wanaopita: shingo imekaza, mkono mmoja juu, ngata imebonyea, hatua fupi fupi. Asubuhi tatu nilikaa pale nikichora shingo tu. Hadi leo, nikipewa kazi ya kuchora wapagazi wa Kilimanjaro, wanabeba kwa shingo ile ile. Hata sungura wa kitabu cha watoto hubebea hapo kikapu chake.

Mfaransa Jean Giraud alichora hadithi za kaboi kwa jina la Gir, na dunia za kubuni kwa jina la Moebius. Weka kazi hizo pamoja: mistari ni tofauti kabisa, ila farasi wa kule na viumbe wa huku wote wana uzito. Uzito huo ndio wa kuutafuta kwanza. Kalamu na brashi utabadilisha baadaye.

Malipo: chukua nusu kabla ya kugusa wino. Niliwahi kumaliza ukuta mzima wa duka, mwenyewe akaacha kupokea simu. Siku hizi tunaandikiana ujumbe: kurasa ngapi, tarehe gani, marekebisho mawili. La tatu analipia.

Na tafadhali, maneno yatangulie picha. Kiswahili chetu kina maneno marefu. "Hawatatusubiri" peke yake linakula nusu ya fremu ndogo, na ukilikata vibaya msomaji anajikwaa. Katika kipeperushi cha malaria nilichora ukurasa hadi wino, ndipo nikaweka maneno. Kiputo cha maneno kikafunika chandarua, na chandarua ndicho kilichokuwa ujumbe wenyewe! Nikachukua karatasi mpya, nikaandika maneno kwa penseli, nikapima kwa rula, halafu nikamlaza mtoto chini ya maneno hayo, chandarua kikionekana hadi kilipochomekwa kwenye godoro.