Maswali ya wasomaji: Ndege kubwa kwenye viwanja vidogo

Wiki hii nimetenga nafasi yote kwa maswali ya ndege, kwa kuwa yamekuwa mengi na karibu yote yana wazo moja ndani yake, kwamba ukubwa wa ndege inayotua ndio kipimo cha hadhi ya mkoa. Wazo hilo silikubali, na nitaeleza kwa nini.

Swali: Shikamoo mzee. Njia ya ndege ya Mtwara sasa ina mita 2,800. Kwa nini basi Dreamliner (Boeing 787) haiji? (Msomaji, Shangani)

Marahaba. Umeanza na mita, kama wanavyoanza wengi, na hapo ndipo tunapopotea. Mita 2,800 kwa upana wa mita 45, tena karibu na usawa wa bahari ambako hewa ni nzito na mbawa hupata nguvu, ni njia nzuri, na ndege kubwa isiyojazwa mzigo ingeweza kusimama juu yake bila shida. Lakini kusimama ni jambo moja, na kupokelewa ni jambo jingine kabisa.

Tazama Bombadia Q400, ile ndege ndogo ya abiria, inapofika. Mlango wa mbele hufunguka kuelekea chini na kugeuka ngazi. Mtoto wa darasa la kwanza hushuka vipandio vichache, akagusa lami. Mlango wa Dreamliner uko zaidi ya mita nne kutoka ardhini, na bila gari la ngazi la kimo hicho hakuna anayeshuka. Bombadia haifiki uzito wa tani 30. Dreamliner ya 787-8 inaruhusiwa kuruka ikiwa na tani 228 hivi, kwa hiyo ni lazima kujua lami ya njia na ya maegesho inabeba uzito gani, si urefu wake tu.

Kubwa kuliko yote ni zimamoto. Viwanja vya ndege hupangwa madaraja ya uokoaji kwa kufuata urefu wa ndege na upana wa kiwiliwili chake. Bombadia, yenye mita 32.8, iko daraja la 6. Dreamliner, yenye mita 56.7, iko daraja la 8. Kwa povu la kuzimia moto la kiwango B, kimojawapo cha viwango vya ubora wa povu, daraja la 6 linadai lita 7,900 za maji, na daraja la 8 linadai lita 18,200. Magari ya zimamoto yanatakiwa yalenge kufika sehemu yoyote ya njia ndani ya dakika mbili, na yasizidi tatu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya ATR 42 yenye watu 43, ndogo kuliko hata Bombadia, ilianguka Ziwa Victoria karibu kabisa na kiwanja cha Bukoba. Wavuvi waliwahi na mitumbwi yao, na watu 19 walipoteza maisha. Tangu siku ile, mtu akiniuliza ndege kubwa itakuja lini, mimi namuuliza kwanza habari za maji, povu, boti na watu waliofanya mazoezi. Naomba wasomaji, na hasa madiwani na wabunge wetu, waulize hivyo hivyo.

Swali: Ni kweli ndege kubwa iliwahi kutua Arusha kwa makosa? Inaweza kutokea huku kwetu? (Msomaji, Mikindani)

Ni kweli. Tarehe 18 Desemba 2013 Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Kilimanjaro ikiwa na watu zaidi ya 200, ilitua kiwanja kidogo cha Arusha, kilomita 50 hivi kutoka ilikotakiwa kwenda. Njia ya Kilimanjaro ina mita 3,600. Ya Arusha wakati ule ilikuwa na mita 1,620. Zote mbili zimelala mashariki kwa magharibi na zina namba zilezile za mwelekeo wa dira, 09 na 27, kwa hiyo rubani aliyetazama njia mbele yake na dira yake hakuona kilichogongana. Siku hiyo pia Kilimanjaro palikuwa na ndege ndogo iliyoharibikia njiani, na ile kubwa ilikuwa imeambiwa isubiri angani. Ilisimama salama, lakini magurudumu yakaishia kwenye udongo nje ya lami, na abiria wakakaa ndani kwa saa kadhaa kabla ya kushushwa. Iliondoka siku chache baadaye ikiwa imepunguzwa uzito, maana Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari na hewa nyepesi hudai njia ndefu zaidi.

Wala si Afrika peke yake, kama wengine wanavyopenda kusema. Mwezi mmoja kabla yake, huko Kansas, Marekani, Boeing 747 ya mizigo ilitua kiwanja kidogo badala ya kambi ya jeshi iliyokuwa jirani. Kosa hili huota pale viwanja viwili vinapokaribiana na kulala upande mmoja, na rubani akaamini macho kabla ya vyombo. Mtwara haina jirani wa namna hiyo, hivyo hofu hiyo tuiweke kando.

Swali: Ile ndege kubwa iliyopita juu yetu Jumamosi ilikuwa ya nani? (Wasomaji saba)

Jumamosi ipi? Saa ngapi? Ilikuwa na injini mbili au nne, mbawa juu ya kiwiliwili au chini yake, ikielekea wapi? Nimekwisha kuomba haya mara nyingi, na bado naletewa swali lenye neno “kubwa” peke yake. Ndege inayopita mita 11,000 juu ya Mtwara si mgeni wetu.

Swali: Dar es Salaam ikifungwa kwa dharura, ndege zake zinaweza kuletwa Mtwara? (Msomaji, Naliendele)

Rubani hachagui akiwa angani tu. Kabla ya kuruka huwa ameshapanga kiwanja mbadala, na lazima awe na mafuta ya kumfikisha huko na bado yabaki ya dakika 30. Kwa ndege kubwa, huchagua penye mafuta, ngazi na zimamoto ya daraja lake. Tarehe 11 Septemba 2001 mji wa Gander nchini Kanada, wenye watu 10,000 hivi, ulipokea ndege 38 za abiria zenye watu zaidi ya 6,500. Watu husimulia ukarimu wa wenyeji, na wanastahili sifa hizo, lakini kiwanja kile kilikuwa kimejengwa tangu zamani kuhudumia ndege zinazovuka Atlantiki. Ukarimu Mtwara tunao. Vifaa hununuliwa.

Swali: Je, Airbus inaweza kutua Kikwetu, Lindi? (Msomaji, Ng'apa)

Kwa sasa njooni mpandie Mtwara.

Swali: Serikali ina ndege ya mizigo. Kwa nini isibebe korosho zetu? (Mkulima, Tandahimba)

Ndege hiyo, Boeing 767-300F, hubeba tani 54, yaani kontena tatu au nne za futi 20. Korosho ghafi haiozi kwa wiki mbili za baharini, na bei yake haimudu nauli ya anga. Mahali pake ni bandarini. Anayetaka ndege ya mizigo Mtwara azungumzie pweza, kaa na kamba kochi, na kwanza barafu na vyumba vya baridi vya kuwahifadhia. Wazee wanakumbuka reli iliyojengwa hapa kwa ajili ya karanga za Nachingwea: mradi ulikufa, mzigo ukakosekana, na miaka ya 1960 reli ikang'olewa.

Swali: Watoto wangu wanapenda kutazama ndege. Ni vibaya kuwapeleka? (Mama, Chikongola)

Si vibaya hata kidogo, dada yangu, wapeleke. Lakini katika kiwanja kimoja cha mkoa niliwahi kumwona kijana akipenya tundu la uzio na ndoo ya maembe kichwani, akavuka njia ya ndege kwa mwendo wa mtu aendaye sokoni, na dakika chache baadaye ndege ikatua palepale alipopita. Simameni nje ya uzio, upande wa jengo la abiria. Wasirushe tiara, na msiache maganda wala mabaki ya samaki, kwa sababu kunguru huyafuata, na kunguru mmoja ndani ya injini anatosha kuirudisha ndege chini.