Katheta ikiwa ndani ya moyo wa farasi, usisukume bila kuona

Siku yangu ya kwanza kushika katheta ya ultrasaundi, yaani mrija mwembamba wenye kifaa cha kupiga picha kwa mawimbi ya sauti, unaopitishwa kwenye mshipa wa shingo hadi moyoni, nilikuwa na haraka. Farasi jike wa kilo zipatazo 500 alisimama mbele yangu, ametulizwa kwa dawa, kichwa kimeinama. Alikuwa na fibrilesheni ya auriki, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka tu badala ya kusukuma damu kwa mpangilio. Nikaiona vali ya trikaspidi, mlango kati ya auriki ya kulia na ventriki (chumba cha chini) ya kulia, ikifunguka na kufunga, nikafurahi, nikasukuma katheta kidogo ili nione zaidi. Vali ikapotea. Nikabaki na bomba jeusi, refu, lenye kuta mbili zilizolala sambamba.

Nilidhani mashine ina hitilafu. Daktari aliyekuwa akinifundisha akasema kwa sauti ya chini, "Moyo umeshaupita. Rudi." Nilikuwa nimevuka auriki ya kulia na kuingia vena kava ya nyuma, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka sehemu ya nyuma ya mwili. Farasi hakudhurika, lakini mimi jasho lilinitoka.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja: kila ninapopotea, narudi kwenye vali ya trikaspidi. Hapo ndipo nyumbani. Nikishaiona sawasawa, naizungusha katheta polepole, nyuzi chache kwa wakati, nikitaja kila ninachokiona: mzizi wa aota (mshipa mkuu utoao damu moyoni), ukuta kati ya auriki mbili, auriki ya kushoto nyuma yake. Wewe pia taja kwa sauti. Msaidizi wako atakusikia unapoanza kubahatisha.

Kuna anayeuliza kwa nini tujisumbue, wakati probu ya kifuani, kifaa cha ultrasaundi kinachowekwa juu ya ngozi ya kifua, ipo. Swali ni la haki, na kipimo cha kifuani ndicho cha kuanza nacho kila mara. Ila moyo wa farasi una uzito wa kilo 4 hivi, umejificha nyuma ya mbavu na mapafu, na mawimbi ya ultrasaundi hayapiti kwenye hewa. Kufika upande wa pili wa moyo kunahitaji mawimbi ya masafa ya chini, yaani yanayotetemeka mara chache zaidi kwa sekunde, na masafa ya chini hunyima picha ukali wake. Katheta ikiwa ndani, inatazama kupitia damu, kwa karibu, kwa masafa ya juu. Ukuta kati ya auriki na midomo ya mishipa itokayo mapafuni huonekana kwa namna ambayo kifuani sijawahi kuipata. Ndiyo maana watafiti kama wale wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, wameitumia kuongoza tiba za mapigo yaliyovurugika kwa farasi. Kama unachotaka ni kupima ukubwa wa ventriki ya kushoto tu, mwache farasi na shingo yake, tumia probu ya kifuani.

Katheta zenyewe zilitengenezwa kwa ajili ya binadamu, nyingi zina urefu wa sentimita 90. Kwa hiyo chagua sehemu ya chini ya shingo kuingilia vena ya jugula, ule mshipa mkubwa wa shingoni, la sivyo utaishiwa na urefu kabla hujafika unakotaka. Nyoa, safisha kama unajiandaa kwa upasuaji, choma ganzi.

EKG, kipimo cha umeme wa moyo kinachoonyesha mapigo, iwashwe kabla katheta haijaingia, na awepo mtu ambaye kazi yake ni kuitazama hiyo tu. Ncha ikigusa ukuta wa ventriki, mapigo ya ziada hutokea papo hapo. Ukiyaona, vuta nyuma, subiri yatulie. Na jambo ninalolisisitiza kuliko yote: ncha ikiwa imekunjwa na kufungwa kwa kitasa cha kwenye mpini wa katheta, usisukume wala usivute. Ilegeze kwanza, inyooke. Ukuta wa auriki ni mwembamba. Ukihisi mkono unakataliwa, simama hapo hapo.

Baada ya kuitoa, bonyeza tundu kwa dakika kadhaa huku msaidizi akiinua kichwa cha farasi, kwa sababu kikiinama damu hujaa shingoni na tundu litavuja chini ya ngozi. Kisha kila asubuhi kwa siku zinazofuata ipapase ile vena kwa vidole. Ukiikuta ngumu kama kamba, ina joto, au farasi anakwepa mkono wako, usingoje hadi kesho kuipima.