Ukiletewa kesi ya malezi ya mtoto: kwa afisa ustawi mpya

Wewe uliyeripoti juzi hapa Tabora, barua ya mahakama itakufikia kabla hujapata hata meza. Hakimu anataka taarifa yako kuhusu mtoto ambaye wazazi wake wametengana, na siku utakazopewa hazitatosha. Zoea.

Kesi yangu ya kwanza niliiharibu. Baba alikuwa mkulima wa tumbaku, nyumba ya bati, umeme, kitanda kipya cha mtoto bado kina nailoni. Mama alipanga chumba kimoja Ng'ambo. Nikaandika kurasa mbili za kusifia nyumba. Hakimu akazisoma, akavua miwani, akaniuliza: "Asubuhi nani anamwamsha? Alipougua mara ya mwisho nani alimpeleka hospitali?" Sikuwa na jibu. Kesi ikaahirishwa, nikarudi mtaani na aibu yangu. Kumbe msimu ukianza baba yuko shambani Urambo wiki nzima, na mtoto angebaki na dada wa kazi.

Tangu siku hiyo siendi kwa miadi tu. Nakwenda mara ya pili bila kusema, jioni, saa ya kupika. Namtafuta mwalimu wa darasa, maana yeye anajua nani huitikia wito wa shule na nani ni jina tu kwenye fomu.

Jambo litakalokusumbua kuliko yote ni miaka saba. Kuanzia bodaboda hadi balozi wa nyumba kumi, utaambiwa mtoto akitimiza saba ni wa baba. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mtoto wa chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama, na hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi. Tena hakimu anatakiwa kupima madhara ya kumhamisha mtoto pale alipozoea. Baada ya miaka saba hakuna anayekabidhiwa mtoto kwa sababu ya siku ya kuzaliwa. Nimeona baba amekuja na begi tupu la kubebea nguo, siku mwanawe alipotimiza saba. Mweleze taratibu, usimcheke.

Bibi upande wa baba naye atakuhesabia ng'ombe wa mahari. Mpe heshima yake, andika alichosema. Mila za jamii mahakama huzitazama, ila ustawi wa mtoto ndio unaotangulia.

Kumsikiliza mtoto ni kazi inayotaka subira. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maoni yake yawe yake mwenyewe, kwa hiyo mtenge na wazazi, wala usimwite ofisini. Mimi hukaa naye chini ya mwembe, tunazungumzia jana: alikula nini, alilala na nani, nani alimfulia sare. Usimuulize anampenda nani zaidi, huo ni ukatili. Na mtoto wa miaka sita akikwambia "baba hatoi matunzo," jua hayo maneno ameazimwa. Kama ana ndugu, eleza wanavyoishi pamoja, kwani kutowatenganisha ni jambo linalozingatiwa.

Zawadi usipokee. Mimi nililetewa galoni ya asali ya Sikonge, nikairudisha huku roho ikiniuma, asali yenyewe ilikuwa nzuri!

Watakuja pia wazazi waliokwama kwenye talaka kwa sababu hawana hati ya baraza la usuluhishi la ndoa. Waambie maombi ya malezi na matunzo yanaweza kupelekwa peke yake chini ya Sheria ya Mtoto, hata na wasiofunga ndoa.

Mahakamani wakili atakubana, jibu ulichokiona tu. Hakimu halazimiki kufuata ushauri wako, na akiamua tofauti usinune. Amri yenyewe inaweza kubadilishwa mambo yakibadilika, kwa hiyo daftari lako usilitupe. Jalada la yule mtoto wa Ng'ambo lilirudi mezani kwangu akiwa darasa la sita. Safari hii mama alikuwa anahamia Kigoma, na ikabidi nianze upya kuuliza nani anamwamsha.