Nilimkasirikia msichana wa kwenye riwaya

Shangazi,

Nina miaka 16. Mwalimu wa fasihi ametupa riwaya za vijana tusome, kisha tuandike tunavyojisikia kwenye daftari la usomaji. Mimi nilichukua Speak ya Laurie Halse Anderson. Wenzangu walioisoma walilia, mimi nilikasirika. Niliandika kwamba Melinda ni mjinga, angesema siku ileile yakaisha. Mwalimu akaandika pembeni, "Soma tena." Nimesoma tena na sasa silali vizuri. Namkumbuka msichana niliyekuwa nakaa naye dawati moja. Mwaka jana darasa zima lilimtenga na mimi nikafuata mkumbo. Hata sijui alikosa nini. Mama anasema vitabu hivi vinaharibu watoto, nikirudishe. Je, nina roho mbaya? Na kwenye daftari niandike nini?

Mwenye Hasira

*

Mwanangu,

Huna roho mbaya. Mwenye roho mbaya angekirudisha kitabu akalala fofofo.

Niwaeleze kwanza wale ambao hawajakisoma. Riwaya hii ilitoka mwaka 1999. Melinda anaanza sekondari akiwa amechukiwa na karibu kila mtu, kwa sababu alipiga simu polisi wakati wa sherehe ya likizo, sherehe ikavurugika na watu wakakamatwa. Rafiki zake wakamgeuka, akiwemo aliyekuwa wa karibu kuliko wote. Hawakutaka kujua alipiga simu kwa nini. Usiku ule alikuwa amebakwa na kijana wa madarasa ya juu. Tangu hapo maneno yakaanza kumkauka mdomoni.

Sasa tazama hadithi ilivyopangwa, maana nadhani ndiyo iliyokukamata. Anayesimulia ni Melinda mwenyewe, lakini hata sisi wasomaji hatuambii waziwazi mpaka tumekwenda mbali sana kitabuni. Kwa kurasa nyingi tunajua alichofanya bila kujua kilichomfanya akifanye. Anatoroka vipindi, anajifungia kwenye chumba kidogo cha kuwekea vifaa, alama zinashuka, na sisi tunachoka naye. Mwandishi ametuketisha pamoja na waliomtenga. Ukisema "angesema tu", unasema kile ambacho shule nzima ya Melinda ingesema. Hasira yako ni usomaji halali kabisa, na naamini mwalimu wako alipoandika "Soma tena" hakuwa anakukatalia. Aliona umefika mlangoni.

Kuhusu kusema siku ileile: mwaka 2019 Anderson alichapisha kitabu cha mashairi, Shout, kinachosimulia maisha yake. Humo anaeleza kwamba yeye mwenyewe alibakwa akiwa na miaka 13, na alikaa miaka mingi bila kumwambia mtu. Huyu ni mtu ambaye kazi yake ni maneno. Mtoto aliyeumizwa hivyo hupima kwanza: nani ataniamini, nani atacheka, nyumbani patakuwaje kesho? Akitazama pande zote asione uso wa kuuambia, hunyamaza. Kwa hiyo swali la kwa nini hakusema lina pacha wake: nani alikuwa tayari kusikia?

Nadhani hilo la pili ndilo linalokukosesha usingizi. Unaposoma habari za rafiki aliyemgeuka Melinda, unamwona mwenzako wa dawati na unajiona wewe. Ni rahisi kumkasirikia Melinda kuliko kukaa na hilo.

Basi nenda kwa yule msichana. Usimpe kitabu kama kidokezo, na usimuulize yaliyompata, kwa sababu huenda hakuna lililompata zaidi ya kuchukiwa bure, na hilo peke yake limetosha. Mtafute mkiwa wawili tu, si mbele ya darasa wala kwenye kundi la simu, umwambie maneno mepesi: "Mwaka jana walipokutenga nilikaa kimya na mimi nikakuacha. Nilikosea. Sikudai unijibu." Halafu nyamaza kweli. Anaweza kukupokea, anaweza kukugeuzia mgongo. Yote mawili ni haki yake, na kumwomba radhi hakumfanyi awe na deni la urafiki kwako. Lakini tangu siku hiyo msalimie hadharani. Kama aliachwa mbele ya watu, arudiwe mbele ya watu.

Ikitokea akakusimulia jambo zito, mwambie unamwamini. Usimwahidi kwamba utalificha, kwa sababu hiyo ni ahadi usiyoweza kuitimiza bila kumhatarisha. Mwambie utakwenda naye kwa mtu mzima mnayemwamini nyote wawili. Wewe una miaka 16, mwanangu. Kazi yako ni kumshika mkono kufika huko, si kumtibu.

Kuna jambo hujaliandika na sitakulazimisha. Wakati mwingine kitabu kinatukasirisha kwa sababu kimegusa lililotupata wenyewe. Kama ndivyo, yote niliyosema juu ya rafiki yako nakuambia na wewe: nakuamini, hukukosa kitu, na leo hujachelewa kusema. Mwalimu wa ushauri nasaha, daktari, ndugu mwenye busara, yeyote kati yao. Wa kwanza asipokusikiliza, nenda kwa wa pili.

Mama yako simlaumu. Wazazi wengi huko Marekani wamekipinga kitabu hiki shuleni kwa hofu ileile. Siafikiani naye, kwa sababu mambo haya huwapata vijana wasiosoma riwaya hata moja, nao hukosa hata jina la kuyaita. Ila usimfiche kitabu chini ya godoro. Mketi naye, umweleze kwamba kimekukumbusha mtu uliyemwacha na kwamba unataka kumwomba msamaha. Sijui mama atakayeona hapo mtoto anayeharibika. Na mwambie pia kwamba hulali, maana hilo anapaswa kulijua. Soma mchana, usiku kiache. Wiki mbili zikipita na usingizi haujarudi, usiusubiri tena, mwone mshauri.

Nina sharti moja kuhusu vitabu vilivyobaki kwenye orodha ya mwalimu. Shirika la Afya Duniani huwashauri waandishi wa habari wasieleze kwa kina njia ambayo mtu alitumia kujiua, kwa sababu maelezo hayo huweza kumdhuru aliye dhaifu wakati huo. Riwaya nazo hazina kinga. Ukikuta inayokuelekeza hivyo, na wewe siku hizo moyo hauko sawa, ifunge uombe nyingine. Mwalimu mwema hatakunyima alama kwa hilo.

Tumefika kwenye daftari. Nataka uwe na mawili. La mwalimu liandikie hasira yako na uioneshe inatoka wapi kitabuni: ni ukurasa gani ulianza kumchoka Melinda, ulikuwa umeambiwa nini mpaka hapo, na nini ulikuwa hujaambiwa. Rafiki yako asiingie humo hata kwa jina la kubuni, kwa sababu darasa lenu litamjua. Mwalimu anastahili mawazo yako, maisha ya mwenzako si mali yake wala yako.

La pili ni lako, halisahihishwi. Mwaka 1986 wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti uliowahusisha wanafunzi wa chuo kikuu walioandika dakika 15 kwa siku, kwa siku 4, kuhusu mambo yaliyowaumiza. Walioandika tukio pamoja na walivyolihisi walitoka wakiwa na huzuni zaidi siku hizohizo, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wengine. Kwa hiyo usishtuke ukiandika leo ukalia. Anza na ile siku ya kwanza ulipohamia dawati lingine, na useme nani alikuwa anakutazama. Ukimaliza, lichane au ulifungie, mimi usinitumie. Nitumie barua nyingine ukishaonana naye.

Shangazi yako